Kwa nini makaburi ya vita hayapindi, na majina ya wapagazi yako wapi

Swali. Mhandisi, salaam. Mimi ni fundi mwashi, naishi Tanga. Nikiwa Dar es Salaam huwa napita makaburi ya vita yaliyopo barabara ya Bagamoyo. Mistari yake imenyooka kana kwamba kamba imepigwa jana, wakati kaburi la baba yangu tulilijengea zege na vigae, na baada ya masika mawili likapasuka katikati na kuinama. Wale wanajengaje? Kwa nini alama zote zina kimo kimoja, awe mkubwa jeshini au mdogo? Halafu kuna jambo linanisumbua zaidi. Babu mzaa babu yangu alichukuliwa upagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hakurudi. Nilitafuta jina lake pale, sikuliona. Kuna sehemu nimeona kuta tu. Wazee wa kijiji chetu sasa wanataka tujenge kumbukumbu ndogo ya waliochukuliwa, na kazi nimepewa mimi. Nianzie wapi?

Jibu. Fundi, pole kwa kaburi la baba, na hongera kwa kazi uliyokabidhiwa. Nitakujibu kwa kirefu, maana maswali yako yameshikana. Kunyooka kwa mistari, usawa wa kimo na kukosekana kwa jina la babu yenu vyote vilitokana na maamuzi yaliyofanywa kwenye karatasi kabla ya jiwe lolote kusimamishwa.

Tuanze chini ya ardhi. Kaburi ni shimo lililojazwa, na udongo uliochimbwa haurudi kama ulivyokuwa hata ukishindiliwa. Unabaki na hewa ndani yake, na mvua za kwanza zinaushusha. Baadaye jeneza linaoza na kuporomoka, au mbao zilizoziba mwanandani zinakatika, na udongo unashuka mara ya pili, pengine miaka kadhaa baada ya mazishi. Sisi huwa tunajenga juu ya shimo hilohilo, tena mapema, mara nyingi tukikimbizana na arobaini. Tunamwaga slab nzito ambayo kingo zake zimekaa kwenye ardhi ngumu isiyochimbwa na katikati yake imelalia udongo laini. Udongo wa katikati ukishuka, slab inabaki ikining'inia, na vigae havina nguvu ya kuizuia isikatike. Kaburi la baba lilipasuka katikati kwa sababu hiyo, na wala usimlaumu aliyechanganya zege.

Makaburi ya vita yanaukwepa ugonjwa huo kwa njia rahisi: hakuna kitu kizito kinachowekwa juu ya mwili. Juu ya mwili ni majani tu, au changarawe mahali penye ukame, na vikishuka vinaongezwa udongo asubuhi moja kazi ikaisha. Jiwe linasimama kichwani, na msingi wake umekaa kwenye ardhi ambayo jembe halikuigusa. Zaidi ya hapo, jiwe halina msingi wake peke yake. Chini ya safu nzima hupita bimu ya zege iliyozikwa, yenye matundu yaliyopimwa, na kila jiwe linachomekwa kwenye tundu lake. Jiwe moja likitaka kuinama, linapaswa kuwainamisha wenzake wote. Wewe mpita njia unaona majani na mawe. Bimu huioni, na kazi kubwa iko pale.

Ukitaka vipimo vya kuanzia kwa kazi ndogo ya hapa kwetu, bimu ya upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne, inatosha kwenye ardhi ya mchanga ya pwani. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, usithubutu kuiweka hivihivi. Uchimbe, uutoe, ujaze moramu kwa tabaka na ushindilie kila tabaka kabla ya kumwaga chochote. Matundu yajazwe chokaa au udongo wa saruji dhaifu, ili jiwe likivunjika litoke bila kubomoa bimu. Na kwenye mteremko usiifuatishe bimu kwenye ardhi. Ikae kwenye pima maji, ikatwe ngazi, kila safu na kiwango chake. Jicho la binadamu linavumilia safu kupandana kama ngazi, lakini safu iliyolala upande haliivumilii.

Kuna mahali ambapo mawe ya kusimama hayafai kabisa, ama ardhi inatetemeka, ama mito inafurika, ama udongo hautulii. Huko hutumika kizingiti kifupi cha zege au mawe chenye uso ulioinama kidogo, na jina likawekwa juu ya uso huo. Utayakuta ya namna hiyo katika nchi nyingi za joto. Hayapendezi kwa mbali kama mawe ya kusimama, ila hayaanguki.

Sasa kimo. Mwaka 1917 Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, ambayo tangu 1960 inaitwa ya Jumuiya ya Madola. Mwanzilishi wake alikuwa Fabian Ware, na aliyeandika kanuni za usanifu ni Frederic Kenyon, mkuu wa jumba la makumbusho la Uingereza, katika ripoti yake ya 1918. Kanuni zenyewe ni chache: kila aliyekufa atajwe kwa jina, kwenye jiwe lake au kwenye ukuta, alama ziwe za kudumu, ziwe sawa, pasiwe na ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Jiwe la kawaida likapewa kimo cha sentimita 81 juu ya ardhi, upana 38, unene 7.6. Jenerali na kuruti wanapata jiwe lilelile.

Usidhani jambo hilo lilipokelewa kwa makofi. Familia tajiri zilitaka kuwajengea watoto wao makaburi ya fahari, au kuwarudisha nyumbani. Lady Florence Cecil, mama aliyepoteza watoto watatu wa kiume, alipeleka ombi lenye saini zaidi ya 8,000 akitaka watu waruhusiwe kuweka misalaba badala ya mawe. Mwaka 1920 hoja ikafika Bungeni London, na Tume ikashinda. Mimi namwonea huruma mama yule, lakini kwa upande wa ujenzi naona Kenyon alikuwa sahihi. Bamba lina eneo la kuandikia nembo ya kikosi, namba, cheo, jina, tarehe, umri, na alama ya dini yoyote au bila alama. Msalaba mwembamba hauna nafasi hiyo, unavunjika mikono, na hauwezi kusimama juu ya Mwislamu au Mhindu. Sehemu ya juu ya bamba imepindwa kidogo ili maji ya mvua yasitulie. Chini familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake, kikomo herufi 66.

Wengine walifuata njia nyingine. Wamarekani kule Normandy, Ufaransa, wenye makaburi zaidi ya 9,300, walichagua misalaba ya marumaru nyeupe, na nyota ya Daudi kwa askari Wayahudi. Wajerumani kule Langemark, Ubelgiji, waliweka mawe bapa yaliyolala ardhini chini ya mialoni, na kaburi moja la pamoja lenye watu zaidi ya 24,000. Likumbuke hilo la Langemark, nitalirudia.

Mpangilio wa uwanja unaanzia getini. Ukuta wa kuzunguka unakuwa mfupi, wa kufika kiunoni au kifuani, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mpaka na kuzuia ng'ombe na wavamizi wa ardhi, wala haufichi kitu. Getini au karibu yake panajengwa kisanduku ukutani chenye daftari la majina na ramani. Kutoka getini kuna mstari mkuu unaoelekea kwenye alama kubwa, na safu zinagawanywa kulia na kushoto. Kwenye makaburi ya Tume, alama hiyo ni msalaba wa mawe wenye upanga wa shaba uliotazama chini, kazi ya msanifu Reginald Blomfield, ambao kwa kawaida huwekwa palipo na makaburi 40 au zaidi. Kwenye viwanja vikubwa sana huongezwa jiwe la ukumbusho la msanifu Edwin Lutyens, kama meza ya urefu wa mita 3.5 hivi, ambalo halina alama ya dini yoyote kwa makusudi. Ukilitazama unadhani limenyooka. Kumbe kila upande wake umepinda kidogo sana, kwa kufuata tufe la kipenyo cha mita 549 hivi. Lutyens alijua kwamba jiwe refu lililonyooka kabisa linaonekana kama limebonyea katikati. Maneno yake, kwamba jina lao litaishi milele, yalichaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 44. Kipling mwenyewe alipoteza mtoto wake wa pekee wa kiume vitani, na mwili haukutambuliwa siku za uhai wake.

Uwanja hugawanywa kwa vitalu, vitalu kwa safu, safu kwa namba, na kila kaburi lina anwani yake: kitalu cha 3, safu B, namba 12. Anwani hiyo iko kwenye daftari, kwenye ramani na kwenye uwanja wenyewe, na lazima vyote vitatu vikubaliane. Nikikagua uwanja wowote wa makaburi, nataka kuona daftari kwanza. Jiwe linaweza kuibwa au kupasuliwa na mzizi. Daftari likiwepo, fundi mwenye kamba na futi anarudisha jina mahali pake kwa usahihi wa sentimita. Daftari likikosekana, hata marumaru ya Italia haisaidii.

Ukitaka kujua ardhi kiasi gani inahitajika, chukua mita 1.2 kutoka katikati ya kaburi hadi katikati ya jirani yake, na mita 3 kutoka safu hadi safu. Ongeza njia, mstari mkuu, miti na kingo. Ekari moja haitabeba kwa heshima zaidi ya makaburi 600 hivi. Kamati nyingi zinapenda kusikia 1,000, na zikilazimisha, kinachokufa kwanza ni njia za kupitia, halafu watu wanakanyaga makaburi.

Suala la dini kwa pwani yetu lina jambo zuri ambalo mafundi wengi hawalijui. Tanga, Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo Kibla chetu ni kaskazini karibu kamili. Mwislamu analazwa ubavu wa kulia akitazama kaskazini, maana yake kichwa kinakuwa mashariki na miguu magharibi. Mkristo kwa desturi ya zamani analazwa chali, kichwa magharibi, ili uso uelekee mashariki. Shimo la wote wawili linalala mashariki–magharibi. Safu zao zinaweza kwenda pamoja bila kupindana hata kidogo. Kinachopishana ni upande wa kichwa tu. Kwa hiyo ama unawapa vitalu jirani, jiwe la kila mmoja likiwa kichwani kwake, ama unaweka mawe yote upande mmoja na kuandika daftarini nani kichwa chake kiko wapi. Kigoma mambo hayawi mepesi hivyo, kwani Kibla kinaegemea mashariki kwa nyuzi 20 hivi, na usipopima mapema utajikuta na safu mbili zinazogombana. Wahindu na Makalasinga wengi walichomwa kwa mujibu wa dini zao, hivyo hawana kaburi. Hao wanastahili ukuta wa majina, na ukuta kwao ni heshima kamili.

Maua nayo yana kazi ya fundi. Mbele ya kila safu ya mawe kuna kitalu chembamba, sentimita 45 hivi, chenye mimea mifupi. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linarusha tope hadi kwenye herufi. Likipiga majani linanyamaza. Mahali pasipo na mimea utaona mawe yamepata mkanda wa wekundu chini, na tope lile likikauka na kuloa miaka mingi linakula maandishi. Miti mikubwa, mikungu na mikakaya na hata miarobaini, ipandwe pembeni, mbali na bimu. Mzizi ukipita chini ya bimu unaweza kuinyanyua.

Nimefika kwenye swali lako la tatu, na hapa ningependa usome taratibu.

Uwanja ule wa barabara ya Bagamoyo haukuanzia pale. Ulitengenezwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya Vita vya Kwanza yaliyokuwa barabara ya Ocean yalipolazimika kuhamishwa kupisha barabara mpya. Mapema miaka ya 1970 yakaongezwa mengine kama 1,000 kutoka viwanja mbalimbali vya Tanzania ambako matunzo hayakuwa na uhakika tena. Leo pamelala zaidi ya watu 1,700 wa vita ile, pamoja na wengine wachache wa vita ya pili, na Wajerumani na Wabelgiji. Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa kuanzia Januari 1917 na ambao kaburi lao halijulikani, zaidi ya 1,500, nao ulihamishiwa pale kutoka sehemu nyingine ya mji. Waliokufa kabla ya hapo wameandikwa Nairobi.

Kulikuwa kule Ocean Road na vitalu vya Waafrika na vya wengine wasio Wazungu. Havikuwa na jiwe kwa kila mtu. Viliwekewa alama ya pamoja. Ilipofika siku ya kuhamisha, Wazungu wakahamishwa mmoja mmoja, kila mtu na jina lake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na anwani. Waafrika wakahamishwa kwa mafungu na kuzikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja na ukuta wake. Kuta ulizoziona ni hizo. Watu wa 1968 hawangeweza kufanya vingine hata kama wangetaka, kwa sababu mpangilio wa miaka ya 1920 ulikuwa umeshafuta mtu mmoja mmoja. Kanuni ya Kenyon ilisema bila ubaguzi wa rangi, na katika Afrika Mashariki ikavunjwa na hao hao waliopewa kuitekeleza.

Mwenyewe nimesikia watu wakitetea kwamba vita ilikuwa porini, watu walikufa kwa malaria na kuhara kandokando ya njia, kumbukumbu hazikuwepo. Ni kweli kwamba ugonjwa uliua wapagazi wengi kuliko risasi, na kwamba wengi walizikwa walipoangukia. Wapagazi walioandikishwa kwa pande zote walifika karibu milioni moja, na wanahistoria wanakadiria waliokufa upande wa Uingereza peke yake kuwa karibu laki moja. Lakini wapo waliofia hospitalini, katika miji, mikononi mwa maofisa wenye kalamu na madaftari, na bado hawakupewa jiwe. Na kaburi la pamoja si sababu ya kumnyima mtu jina. Langemark watu zaidi ya 24,000 wamechanganyika shimo moja, na majina ya wengi wao yameandikwa kwa shaba pembeni yake.

Utetezi mwingine, ulioandikwa na maofisa wa kikoloni wa wakati ule, ulikuwa kwamba Mwafrika hana desturi ya kuweka alama kwenye kaburi. Wewe ni mtu wa Tanga. Toka mjini, shika njia ya Pangani, ufike Tongoni. Pale kuna makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, mengine yana minara ya mawe ya matumbawe yenye mashimo ya kupachikia bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Kaole, karibu na Bagamoyo, utakuta hayohayo, Kunduchi pia. Babu zetu walikuwa wakichoma chokaa na kujenga alama za makaburi miaka mia kadhaa kabla ya Kenyon kuzaliwa. Na makabila yasiyojenga kwa mawe yalipanda mti, yalipanga mawe ya mtoni, yalijua kaburi liko wapi na la nani. Aliyeandika vile hakuwa ameuliza, au aliuliza akapuuza jibu.

Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri. Inakadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Babu yenu huenda yumo kwenye hesabu hiyo. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na za Kirumi. Maneno mazuri, na sanamu yenyewe ni kazi nzuri. Haina jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo kwa kumbukumbu ya kijiji chenu, usianze na mchanga wala kokoto. Anza na karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya ardhi. Makaburi ya Ocean Road yalikuwa na mawe, yalikuwa na Tume ya dola nzima nyuma yake, na bado barabara iliyaondoa. Ninyi mna wazee na nia njema tu. Hakikisheni kiwanja kimepimwa, kimeandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama eneo la kumbukumbu, na kiko nje ya hifadhi ya barabara na ya nguzo za umeme. Mtu akikwambia weka tu hapo njiani ili watu wapite waione, mkatalie. Pia msikubali kiwanja cha kuazimwa, hata kama mwenyewe ni mtu mwema. Watoto wake watauza. Ufaransa ilitunga sheria Desemba 1915, vita ikiwa bado inawaka, ya kutoa ardhi ya makaburi ya askari kwa kudumu. Viwanja vile vipo hadi leo kwa ajili ya sheria ile kuliko ubora wa mawe.

Ya pili ni ya majina. Pitia nyumba kwa nyumba, mkiwa wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika. Andika jina alilojulikana nalo nyumbani, jina la baba, jina la ubatizo au la Kiislamu kama alikuwa nalo, mtaa, aliyemchukua, rika lake kama kabila lenu linahesabu rika, nani anasimulia na amelisikia kwa nani. Usisahihishe tahajia ya mzee. Mpagazi aliyeitwa nyumbani kwa jina moja aliandikwa jeshini kwa jingine, na ofisa wa Kizungu aliliandika alivyolisikia. Tofauti hizo ndizo zitakazomtambulisha siku nyaraka zikifunguliwa. Tume ina orodha kwenye intaneti inayotafutika kwa jina, na tangu ripoti ya 2021 inachimbua majina zaidi kwenye hifadhi za nyaraka, Kenya ikiwemo. Mkipata kitu chenye ushahidi, hata cheti kilichoraruka au medali yenye namba ubavuni, wapelekeeni. Wanapokea maombi ya kuongeza waliosahaulika. Kumbukeni kuuliza alikuwa upande gani. Tanga ilishikwa na Waingereza katikati ya 1916. Aliyechukuliwa kabla ya hapo aliwabebea Wajerumani, na orodha yake haiwezi kuwa London.

Kuhusu umbo, kwenu hakuna maiti, hivyo hamfungwi na Kibla wala urefu wa shimo. Msijenge makaburi ya uongo. Jengeni ukuta mmoja mfupi wa mawe ya matumbawe au tofali za zege zilizopigwa plasta, urefu mita 6 hadi 8, kimo mita 1.5, juu uwe na kofia iliyotoka nje sentimita 5 kila upande na mfereji mdogo chini yake ili maji yadondoke bila kuteremka kwenye majina. Msingi uufuate mfano wa bimu niliyokueleza. Mbele uache uwanja wa changarawe ambapo watu 50 wanaweza kusimama kwa dua na sala, na benchi mbili chini ya mti ulio mbali na ukuta walau mita 6.

Majina msiyachongee kwenye plasta. Tumia vibao vya granaiti, herufi zichongwe kwa kina cha milimita 3 au zaidi, bila kutegemea rangi. Rangi inapauka miaka mitano, lakini kivuli cha herufi iliyochongwa kinasomeka jua linapokuwa upande. Shaba msiiweke kabisa, wanunuzi wa chuma chakavu wataifikia kabla ya wajukuu. Na cheo, ukoo wa kichifu, utajiri wa familia iliyochangia zaidi, visibadilishe ukubwa wa herufi. Mchangiaji mkubwa akidai jina la babu yake liwe juu, mwonyesheni kanuni: alfabeti.

Cape Town, Januari 2025, walifungua kumbukumbu ya watu zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, wengi wao Weusi, waliokufa wakifanya kazi za jeshi katika vita ileile na hawakuwa na kaburi linalojulikana. Kila mtu amepewa nguzo yake ya mvule yenye jina na tarehe ya kifo. Nimeipenda kwa sababu mbao zile ni za Afrika na zinastahimili, na kwa sababu mtu mmoja amerudi kuwa mtu mmoja. Kama mna mvule mkavu na fundi seremala mzuri, mnaweza kuiga, ila mguu wa nguzo usigusane na udongo. Uketi kwenye kiatu cha chuma kilichomo kwenye zege, la sivyo mchwa watakuja kabla ya masika ya pili. Mkiwa na shaka, bakini na mawe.

Askari wetu waliokufa vita vya Kagera wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na wale waliofia ukombozi wa Msumbiji wapo Naliendele, Mtwara. Kama kamati yenu inaweza kusafiri, nendeni sehemu moja kati ya hizo, mkaone namna wanajeshi wanavyotunza: nani anafyeka, mara ngapi, kwa fedha ya nani. Nasema hivi kwa sababu kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, mnapaswa kuandika jina la mtu atakayeshika ufagio na fungu litakalomlipa. Tengeni angalau sehemu moja kati ya tano ya michango kwa ajili ya hilo, na isiguswe na ujenzi.

Jambo la mwisho, na hili naomba ulikazie kwenye kikao. Majina hamtayapata yote mwaka huu. Vibao vifungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, kila kibao majina 10 tu, ili mkigundua kosa mbadilishe kibao kimoja na si ukuta mzima. Theluthi moja ya ukuta iachwe bila vibao, lakini matundu ya skrubu yatobolewe sasa, kwa vipimo vilevile, yakazibwe na plagi za plastiki. Ramani ya matundu hayo ichore mara mbili, moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwako.